Duka la wawili, jina la mmoja: kwa nini wanandoa wa Rumonge wanapaswa kuandika kabla ya kuuza

Katika miji ya mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, maduka madogo mengi huanzishwa na mume na mke kwa akiba ya wote wawili. Wote wawili huyafungua asubuhi na wote wawili huyafunga jioni. Lakini karatasi za duka, pale zinapokuwapo, mara nyingi hubeba jina moja tu. Makala haya yanatumia mfano wa duka la nyuzi mjini Rumonge kueleza jinsi biashara ya namna hiyo inavyoendeshwa, na kwa nini jina hilo moja linaweza kuamua nani atabaki na duka siku mmoja wao atakapofariki dunia au siku watakapoachana.

Nyuzi za aina mbili, wateja wa aina mbili

Rumonge uko yapata kilomita 70 kusini mwa Bujumbura, kando ya barabara ya taifa namba 3 inayoendelea hadi Nyanza-Lac na mpaka wa Mugina. Mwaka 2015 mji huu ulifanywa makao makuu ya mkoa uliobeba jina lake. Baada ya mageuzi ya utawala yaliyopunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi mitano, Rumonge sasa ni tarafa ya mkoa wa Burunga. Uchumi wake unategemea mambo mawili yanayojulikana na kila mkazi: samaki wa ziwani na mafuta ya mawese. Kiswahili ni lugha ya soko, ya bandari na ya familia nyingi. Wameongezeka wasemaji wake kwa kurejea kwa watu waliokimbilia Tanzania mwaka 1972, ambao watoto na wajukuu wao walilelewa katika makazi kama Ulyankulu, Katumba na Mishamo.

Katika mji kama huu, duka la nyuzi hutumikia makundi mawili ya wateja. Kundi la kwanza ni wavuvi. Wao hununua uzi wa nailoni wa kushonea nyavu, kamba, na sindano pana za kushonea. Unene wa uzi huo huandikwa kwa tarakimu juu ya kibonge chake, na mvuvi mzoefu huomba kwa tarakimu hizo bila kutaja jingine. Kundi la pili ni mafundi wa kufuma, wengi wao wakiwa wanawake: wanaofuma masweta ya wanafunzi, kofia na soksi za watoto wachanga, na vitambaa vya kufunikia makochi na meza. Hawa hununua uzi wa sweta, ambao licha ya kuitwa sufu na baadhi ya watu, kwa kawaida hutengenezwa kwa nyuzi za viwandani na si kwa manyoya ya kondoo.

Huenda msikilizaji akauliza: nani anahitaji sweta katika joto la Imbo? Jibu liko mlimani. Ziwa Tanganyika liko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, lakini mwendo mfupi kuelekea mashariki barabara hupanda hadi nyanda za Bururi, ambako asubuhi ni za baridi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Fundi anayeketi Rumonge kwenye joto anaweza kumfumia mtoto anayesoma mlimani. Zaidi ya hayo, hata ufukweni kwenyewe, mtoto mchanga hafungiwi nje bila kofia.

Makundi haya mawili yana kalenda tofauti, na hapo ndipo faida ya kuendesha duka wawili inapoonekana. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa. Mwanga huwavuta kuelekea juu ya maji, kisha wavu huinuliwa kutoka chini. Mbinu hii ya wavu wa kuinua, unaotandazwa kati ya mitumbwi iliyounganishwa, ilienea katika maji ya Burundi tangu miaka ya 1950. Kwa kuwa mwezi mpevu huzishinda taa za wavuvi, siku za mbalamwezi vyombo vingi hubaki ufukweni na nyavu hutandazwa chini kushonwa. Basi uzi wa nyavu hutafutwa zaidi wakati ambapo mvuvi hana fedha mkononi. Uzi wa sweta, kwa upande wake, hutafutwa zaidi kabla ya shule kufunguliwa na pale familia zinapotarajia watoto.

Mume anayewafahamu manahodha na mke anayewafahamu mafundi, au kinyume chake, wanaweza kuliweka duka hai mwaka mzima. Mmoja akiwa peke yake angeona nusu tu ya soko.

Hesabu inayodanganya

Kabla ya kuzungumzia sheria, ni lazima kuzungumzia daftari, kwa sababu mgogoro mwingi wa mali huanzia katika hesabu ambazo hazikuwekwa.

Tatizo la kwanza ni mkopo wa mteja. Mvuvi anayeshona wavu wakati wa mbalamwezi huomba uzi leo ili alipe giza litakaporudi na samaki watakapopatikana. Duka linalokataa kukopesha hupoteza wateja, na linalokopesha bila kiasi hufilisika. Njia inayotumiwa na wenye maduka makini ni kuweka kikomo kwa kila chombo, kuandika jina, tarehe na kiasi, na kumtaka mteja atie sahihi au alama ya kidole. Mkopo ulio kichwani mwa mume peke yake huondoka naye siku anapoondoka.

Tatizo la pili ni bei. Tangu Mei 2023, Benki Kuu ya Burundi ilipolegeza udhibiti wa thamani ya faranga, dola moja ilipanda kwa siku chache kutoka faranga zipatazo 2,000 hadi zaidi ya 2,800 katika kiwango rasmi, huku bei ya mitaani ikiwa juu zaidi. Nyuzi karibu zote huagizwa kutoka nje, kwa barabara kutoka Dar es Salaam au kupitia Kigoma. Tuseme kibonge kimoja kilinunuliwa kwa faranga 4,000 na kikauzwa kwa 5,000. Wenye duka wanaona faida ya 1,000 na wanaitumia nyumbani. Wakienda tena Bujumbura wanakuta kibonge kilekile kinauzwa kwa jumla kwa 5,200. Fedha yote waliyopata, hata kama wasingeila faranga moja, isingetosha kukirudisha kibonge hicho rafuni. Kwa hiyo bei ya kuuzia haipaswi kupimwa kwa gharama ya jana, bali kwa gharama ya kununua tena.

Tatizo la tatu ni la rangi, na huwashangaza wanaoanza. Uzi wa sweta hupakwa rangi kwa mikupuo kiwandani, na kila mkupuo una namba yake kwenye karatasi ya kibonge. Bluu ya mkupuo mmoja si bluu ya mkupuo mwingine. Tofauti haionekani dukani lakini hujitokeza juani, katikati ya sweta lililokwisha kufumwa nusu. Fundi anayefuma masweta 30 ya shule moja anahitaji vibonge vyote vya namba moja. Duka linalotenga vibonge vyake mapema, kwa malipo ya awali, humhifadhi mteja huyo kwa miaka.

Tatizo la nne ni ziwa lenyewe. Nchi nne za Ziwa Tanganyika, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilitia saini mwaka 2003 mkataba wa kulisimamia ziwa kwa pamoja, na mamlaka yake ya pamoja ina makao Bujumbura. Miongoni mwa hatua zinazochukuliwa kuokoa samaki ni kusimamisha uvuvi kwa muda. Mwaka 2024, kwa mfano, Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Aidha baadhi ya zana zimepigwa marufuku, zikiwemo nyavu za plastiki za uzi mmoja kwa upande wa Tanzania, hivyo mwenye duka anayeagiza mzigo bila kumuuliza kwanza ofisa wa uvuvi anaweza kujikuta na bidhaa isiyouzika. Duka linalotegemea wavuvi peke yao halina budi kuwa na akiba ya miezi hiyo mitatu. Hapo pia, uzi wa sweta ndio unaolibeba duka.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa duka la wanandoa, methali hii ina maana ya ziada. Daftari halionyeshi tu kama duka lina faida. Linaonyesha pia nani aliweka nini ndani yake.

Sheria inasema nini, na inanyamaza wapi

Burundi ina Kanuni ya Watu na Familia ya mwaka 1993. Kanuni hiyo inaitambua ndoa moja tu, ile inayofungwa mbele ya ofisa wa serikali anayeandikisha ndoa. Inakataza mume kuwa na zaidi ya mke mmoja. Inamtaja mume kuwa mkuu wa familia, na inamtaka atumie nafasi hiyo kwa manufaa ya nyumba na watoto, huku mke akishiriki katika kuiongoza nyumba hiyo.

Ila kuna pengo ambalo wanasheria wamelizungumzia kwa miongo kadhaa. Burundi haijapata sheria iliyoandikwa inayopanga kwa ukamilifu mali ya wanandoa, mirathi na zawadi. Rasimu zimeandaliwa na kujadiliwa, na mwaka 2011 mchakato ulisimamishwa kwa kuwa suala hilo liligusa ardhi, na ardhi katika Burundi ni suala linalohusu uhai wenyewe. Kanuni ya Ardhi ya mwaka huohuo wa 2011 haikuliziba pengo la mirathi. Matokeo yake ni kwamba mirathi hufuata mila. Kwa mila, urithi wa ukoo huenda kwa wana wa kiume. Mjane kwa kawaida huachiwa matumizi ya mali ili alee watoto, lakini matumizi si umiliki. Anaweza kulima shamba asiweze kuliuza, na anaweza kukaa katika nyumba asiweze kuiweka dhamana.

Katiba ya mwaka 2018 inatangaza usawa wa raia wote mbele ya sheria. Mkataba wa kimataifa wa kuondoa aina zote za ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao Burundi iliuridhia mwaka 1992, unadai haki sawa kwa mume na mke katika kumiliki, kupata na kusimamia mali. Mahakimu wanaweza kuyategemea maandiko hayo. Hata hivyo, mjane anayesimama mbele ya mahakama ya mwanzo akidai nusu ya duka huulizwa kwanza swali la kawaida kabisa: ushahidi uko wapi?

Hapo ndipo jina lililo kwenye karatasi linapopata nguvu yake. Kama usajili wa biashara, namba ya mlipa kodi inayotolewa na Mamlaka ya Mapato ya Burundi, mkataba wa pango na akaunti ya benki vyote vina jina la mume, ndugu za marehemu hawana haja ya kusema uongo. Wanaonyesha tu karatasi, na karatasi inasema duka lilikuwa la ndugu yao.

Hesabu ya thumuni

Katika familia za Kiislamu za Rumonge, Nyanza-Lac na Buyenzi, mengi huamuliwa kwa ushauri wa masheikh. Burundi haina mahakama za kadhi kama zilivyo Zanzibar na Kenya, na ndoa iliyofungwa msikitini peke yake, bila kuandikishwa serikalini, haitambuliwi na sheria ya nchi. Lakini kanuni za mirathi ya Kiislamu zinajulikana na zinaheshimiwa majumbani, na ni vyema kuona zinavyogusana na suala la jina.

Katika fiqhi, ndoa haiunganishi mali. Kile alichochuma mke ni cha mke, na kile alichochuma mume ni cha mume. Mume akifariki akiacha watoto, mjane hurithi thumuni, yaani moja ya nane, ya mali ya marehemu. Mke akifariki akiacha watoto, mume hurithi robo. Lakini kabla ya kugawa chochote, hulipwa gharama za mazishi, madeni na wasia, na huondolewa kila ambacho hakikuwa mali ya marehemu.

Tuchukue mfano wa duka ambalo bidhaa na fedha zake ni faranga milioni nane, bila deni wala wasia. Mume amefariki, ameacha mke mmoja na watoto.

Ikiwa duka lote linahesabiwa kuwa la mume, mjane anapata thumuni ya milioni nane, yaani faranga milioni moja.

Ikiwa imeandikwa kuwa nusu ya duka ni yake, kwanza anachukua faranga milioni nne ambazo si urithi bali ni mali yake. Kisha anapata thumuni ya milioni nne zilizobaki, yaani faranga laki tano. Jumla ni milioni nne na nusu.

Duka ni lilelile, miaka ya kazi ni ileile na sheria ya mirathi ni ileile. Kilichotofautiana ni mstari mmoja wa maandishi.

Hesabu hii haiwahusu wanawake peke yao. Wapo wanandoa wanaoandikisha duka kwa jina la mke, kwa mfano kwa sababu mkopo ulitoka katika kikundi chake cha akiba. Katika mfano huohuo, akifariki mke akaacha watoto, mume atapata robo, yaani faranga milioni mbili. Kama nusu ingeandikwa kuwa yake, angekuwa na milioni nne zake na robo ya milioni nne za marehemu, jumla milioni tano.

Majirani wamefanyaje

Familia za mwambao huu zina ndugu ng'ambo ya mipaka, na mara nyingi mtu hudhani kuwa alilolizoea Kigoma au Uvira ndilo linalotumika Rumonge. Si hivyo.

Rwanda ilitunga mwaka 1999 sheria ya mali ya wanandoa, zawadi na mirathi, ikaiandika upya mwaka 2016. Wanaooana hutakiwa kuchagua mfumo wa mali yao siku ya ndoa, na watoto wa kike na wa kiume hurithi sawa.

Katika Kongo, Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 ilitoa mifumo mitatu ya kuchagua. Wasiochagua huhesabiwa kuwa wanamiliki kwa pamoja vile walivyochuma baada ya kuoana. Lakini kanuni hiyohiyo ilimtaka mke apate idhini ya mume kwa vitendo vingi vya kisheria, hadi ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016.

Tanzania ina Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayoipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja pale ndoa inapovunjika. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitoa hukumu ambayo hadi leo hufundishwa katika vyuo vya sheria, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Mahakama ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya familia. Ulikuwa ushindi mkubwa kwa wanawake wa Tanzania.

Sehemu ya pili ya hukumu hiyo husahauliwa mara nyingi, nayo inawagusa wenye maduka moja kwa moja. Mume alikuwa amempa mke fedha aanzishe biashara ya familia. Mahakama iliona kuwa fedha hizo zilitumika vibaya, ikahesabu kuwa mke alikwisha kupata fungu lake. Haki ya mchango ilikubaliwa, lakini mwenye kuidai hakuongezewa kitu. Mtaji wa biashara ulikuwa umegeuka kuwa hesabu dhidi yake.

Mbali zaidi, Ufaransa ilikabiliana na tatizo hilihili. Sheria yake ya biashara haimtambui mwenzi wa mfanyabiashara kuwa mfanyabiashara, isipokuwa ana shughuli yake tofauti. Wake wengi wa wenye maduka walikaa kaunta maisha yao yote, wakafika uzeeni bila jina wala pensheni. Tangu mwaka 2005 sheria inamtaka mwenzi anayefanya kazi dukani kwa kawaida aandikwe katika hadhi mojawapo kati ya tatu: mshiriki wa biashara ya mwenziwe, mwajiriwa, au mwanahisa. Burundi haina sharti kama hilo, lakini swali lenyewe linafaa kuulizwa katika kila nyumba ya Rumonge: katika duka hili, mwenzi wangu ni nani kati ya hao watatu?

Hatua zinazowezekana sasa

Pengo la sheria haliwazuii wanandoa kujipangia wenyewe. Mambo yafuatayo yako ndani ya uwezo wao.

La kwanza ni cheti cha ndoa. Mwaka 2017 serikali iliwataka wote waishio pamoja bila ndoa rasmi waandikishe ndoa zao kabla ya mwisho wa mwaka huo, na wengi walifanya hivyo. Kwa ambaye hajafanya, hii ndiyo hatua ya mwanzo, kwani mbele ya sheria ya nchi asiye na cheti si mjane.

La pili ni kuandika mtaji. Tuseme mke ametoa faranga 1,200,000 alizogawiwa na kikundi chake cha kuweka na kukopa, vile vinavyojulikana nchini kwa jina la Nawe Nuze, na mume ametoa 1,800,000 za mawese. Karatasi moja yenye kiasi, tarehe, sahihi za wote wawili na za mashahidi wawili inatosha kuanzia, na kuthibitishwa na mthibitishaji wa hati huiongezea uzito. Karatasi hiyo iseme pia kazi ya kila mmoja itahesabiwaje. Mke aliyetoa asilimia 40 ya mtaji lakini akakaa dukani siku sita kwa wiki hana sababu ya kukubali kwamba fungu lake litabaki asilimia 40 milele.

La tatu ni usajili. Kanuni ya Biashara inamtaka mfanyabiashara ajisajili na atunze vitabu vya hesabu. Sheria ya kampuni binafsi ya mwaka 2011 inatambua kampuni ndogo ya wanahisa kadhaa, ambamo fungu la kila mmoja huandikwa kwa jina lake. Kwa duka dogo sana gharama ya kampuni inaweza kuwa nzito. Hapo usajili wa mtu mmoja, ukiambatana na ile karatasi ya mtaji, ni bora kuliko ukimya.

La nne ni fedha. Akaunti ya duka iwe tofauti na mfuko wa nyumba, na kutoa fedha kudai sahihi mbili. Kila mmoja ajilipe kiasi kilichokubaliwa kwa mwezi na kukiandika. Anayechukua vibonge viwili kumpelekea shangazi yake aviandike vilevile. Vitabu vilivyotunzwa hivi husaidia pia wakati wa kuomba mkopo, iwe katika taasisi za akiba au katika benki ya uwekezaji na maendeleo ya wanawake iliyoanzishwa Burundi mwaka 2022.

La tano ni kutenganisha duka na kiwanja. Mara nyingi kibanda hujengwa kwenye ardhi ya wazazi wa mume. Ardhi hiyo ni ya ukoo, na hakuna karatasi ya wanandoa inayoweza kuibadilisha peke yake. Lakini bidhaa, mashine, madeni ya wateja na fedha si ardhi. Vikiorodheshwa mara mbili kwa mwaka, mbele ya wote wawili, hakuna atakayeweza kudai kwamba navyo viliota katika shamba la babu. Nakala ya orodha ihifadhiwe mbali na ufukwe. Mafuriko ya mwaka 2024, maji ya Tanganyika yalipopanda na kufunika makazi kandokando ya pwani ya Burundi, yaliwafunza wengi kwamba karatasi iliyo chini ya kaunta si karatasi iliyohifadhiwa.

La sita, na pengine gumu kuliko yote, ni kuwaambia ndugu. Katika mila zetu, kuzungumzia kifo cha mtu aliye hai huonekana kama kumtakia kifo, na mke anayetaka jina lake liandikwe anaweza kushukiwa kwamba ana nia mbaya. Ndiyo maana inafaa mume awe wa kwanza kulisema jambo hili, mbele ya wazee wa pande zote mbili, siku duka linapofunguliwa na watu wamekuja kupongeza. Shahidi aliyesikia kwa furaha mwanzoni ni mgumu kukana baadaye msibani.

Likitokea la kutokea

Mgogoro ukizuka, njia huanzia kwa wazee na wapatanishi wa mtaa, kisha mahakama ya mwanzo, ile wananchi wanayoijua kwa jina la Kifaransa la tribunal de résidence. Katika ngazi zote hizo, anayefika na daftari, karatasi ya mtaji na orodha ya bidhaa huzungumza kwa sauti tofauti na anayefika na machozi peke yake. Mpatanishi asiye na karatasi mbele yake hulazimika kupima heshima ya ukoo huu na ukoo ule. Akiwa nazo, atakuwa anapima ukweli.

Sheria ya mirathi inaweza kuja Burundi mwaka wowote, na wapo wanaoendelea kuidai. Lakini maduka hayaisubiri. Mbalamwezi ijayo wavuvi wa Rumonge watatandaza tena nyavu zao mchangani na kutafuta uzi, na shule zitakapokaribia kufunguliwa mafundi watakuja na vipimo vya masweta. Wanaowauzia, mume na mke, wanahitaji jioni moja tu, kalamu na mashahidi wawili, ili lile wanalolijua wao wenyewe lijulikane pia kwa wengine.